Tabu katika Nchi ya Sijambo

Ng'ambo ya milima ya chumvi ipo nchi iitwayo Sijambo. Njia ya kufika huko haituhusu. Atakaye kwenda atafika, maana malango yake yako wazi kwa kila mwenye uso mkunjufu. Ndivyo alivyofika Lugendo, fundi wa kuezeka, na mkewe Nyamizi na binti yao wa pekee, Tabu. Lugendo alikuwa ameitwa aezeke Jumba la Uzima, jengo kubwa kuliko yote nchini humo, na kwa jinsi alivyoelezwa, kazi ile ingemweka huko miaka.

Langoni walipokewa na ofisa mnene, mpole, aliyevaa kanzu ya rangi ya ndizi mbivu. Akawauliza majina. Aliposikia la binti, tabasamu lilibaki mdomoni lakini likatoka machoni.

"Tabu? Mama, nani kampa mtoto jina hili?"

"Bibi yake," Nyamizi akajibu. "Nilimzaa kwa shida. Kwetu ni jina la kawaida tu, mzee wangu."

"Kwetu ni kosa," yule ofisa akasema kwa upole uleule. "Kuanzia leo ataitwa Raha. Na wewe ni Mama Raha."

Binti akaangua kicheko. "Raha! Baba, hata mbuzi wetu hatukumwita Raha."

Huyo ndiye Tabu wa siku zile: msichana wa maneno, anayeimba akifua, anayemwigiza kila mgeni aingiaye nyumbani mpaka mgeni mwenyewe acheke. Nyamizi alikuwa akimkaripia kwa kelele zake. Baadaye angekuja kuzililia kelele hizo.

Sheria ya nchi ile ni moja, nyingine zote ni watoto wake. Kila mtaa una msalimu, mtumishi wa serikali asimamaye njia panda toka alfajiri, na kila apitaye huulizwa, "Hujambo?" Naye sharti ajibu, "Sijambo," kwa sauti, meno yakionekana. Wenyeji hulichukua neno lile kama lilivyoumbwa: mimi sina jambo. Mfiwa husema sijambo kwanza, ndipo ruhusa ya kuchimba kaburi itolewe. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa huulizwa na mkunga mlangoni, na asipojibu, mkunga hungoja. Neno huzuni halitamkwi. Mwenye haja nalo husema, "Kwetu leo kuna mawingu," na mwenye adabu haulizi zaidi. Juu ya lango kuu imechongwa methali ambayo Nyamizi aliijua kwa namna nyingine tangu utotoni: *Mficha maradhi, heshima humlinda.*

Isemwe kweli, mwanzoni Nyamizi aliipenda nchi hiyo. Hakuna jirani aliyemjia na vilio, hakuna ndugu wa kumlalamikia mumewe. Watu walicheka, mitaa ilifagiliwa, na kila mtu alikuwa mzima. Akajisemea kwamba huenda kweli shida hukua kwa kutajwa.

Kisha Tabu akaacha kuimba.

Halikuwa jambo la siku moja. Kwanza alinyamaza wakati wa kufua. Kisha akawa anabakiza chakula, halafu anakigusa tu, halafu anasema ameshiba kabla hakijapakuliwa. Nywele zake, alizokuwa akizishughulikia kama bustani, zikasokotana bila kuguswa na chanuo. Alilala asubuhi, akalala mchana, na alipoamka alikuwa amechoka kama aliyeshinda akilima.

"Uvivu," alisema Lugendo. "Umri wake ndio huo. Akiolewa utakwisha."

Nyamizi alidhani ni mvulana. Alipokosa mvulana akadhani ni minyoo, akampa dawa chungu. Minyoo ilipokataa akadhani ni jini, akafukiza ubani mpaka nyumba nzima ikakohoa. Tabu aliyapokea yote bila ubishi, na kutobisha kule ndiko kulikomtisha mama yake kuliko yote.

Jirani yao, Bi Kisura, alimwita Nyamizi uani akamnong'oneza, "Shoga yangu, hata wangu alipatwa na mawingu hayo. Nilimpa jembe. Alime mpaka mgongo umuume, basi. Alipona kabisa."

"Yuko wapi siku hizi? Sijapata kumwona."

Bi Kisura akaendelea kupeta mchele. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa na kufuli lililoota kutu. "Alipona," alirudia, na Nyamizi akaaga.

Asubuhi moja msalimu wa mtaa wao, kijana mchangamfu, alimwona Tabu akipita na ndoo. "Hujambo, Raha?"

Tabu akaitua ndoo. "Ninalo," akasema.

"Unalo nini?"

"Jambo. Umeniuliza kama sina jambo. Ninalo."

"Jambo gani?"

Binti akafikiri kweli, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Sijui. Ninalo tu. Limenikalia hapa." Akaweka kiganja kifuani.

Njia nzima ikasimama. Mwanamke mmoja akaangusha kapu lake la nyanya ili apate mikono ya kumziba mwanawe masikio.

Familia ikaitwa barazani. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Salamu mwenyewe, Mwinyikheri, mzee wa ndevu zilizochanwa vizuri na sauti kama asali. Kushoto na kulia walikaa wanazuoni wawili, mabingwa wa elimu ya majambo. Wa kwanza alishikilia kwamba jambo humwingia mtoto kupitia maziwa ya mama. Wa pili alishikilia kwamba humwingia kupitia ulimi wa mama. Walitoleana hoja tangu asubuhi, wakanukuu wazee waliokufa, wakaitana wajinga kwa heshima kubwa. Baraza likaahirishwa, wakala pilau, na waliporudi wakatangaza mwafaka kwamba ni vyote viwili.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," Mkuu akasema, watu wakaitikia. Akamgeukia Lugendo. "Wewe bwana, wakati haya yakitokea ulikuwa wapi?"

"Juu ya paa, Mheshimiwa."

"Basi wewe huna kosa."

Nyamizi akasimama. "Waheshimiwa, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nihukumuni mtakavyo, lakini nisaidieni. Mtoto hali. Mtoto hazungumzi. Jana kaniambia angetamani asingezaliwa..."

"Mama Raha," Mkuu akamkatiza, "hapa tunatumia lugha safi."

Muda wote huo Tabu alikuwa amekaa kwenye mkeka akitazama vidole vya miguu yake. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Hukumu ilikuwa ya huruma, au ndivyo ilivyoitwa. Nchi ya Sijambo ina Nyumba ya Kusikiliza, moja tu, kwa kuwa haifai kujenga ya pili kwa ajili ya maradhi yasiyokuwepo. Tabu angepelekwa huko mpaka Siku ya Uzima. Siku hiyo angepanda jukwaani mbele ya watu wote na kusema sijambo. Akisema, amepona. Asiposema, wote watatu watatolewa nchini, na paa la Lugendo litamaliziwa na mwingine.

Nyumba ile iko nyuma ya viwanda vya ngozi, mahali ambapo uvundo humfanya mtu ashike pua asiulize maswali. Kila aendaye huko husema anakwenda kununua ngozi. Msikilizaji alikuwa Bi Mwaija, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mazoea ya kukaa kimya mpaka mwenzake aone haya.

"Binti ataingia," alisema. "Wewe utangoja pale kwenye benchi."

"Mimi ni mama yake."

"Najua, dada yangu. Ndiyo maana."

Mlango ukafungwa. Nyamizi akakaa kwenye benchi lililojaa wanawake waliojifunika ushungi hadi puani, kila mmoja akitazama mbele. Aliyekuwa kando yake alivaa viatu vya bei ambavyo Nyamizi alikuwa ameviona barazani, mlango wa wakubwa. Alikuwa Bi Mosi, mke wa Mkuu wa Salamu. Waligongana macho.

"Nimefuata ngozi," Bi Mosi akasema upesi.

"Hata mimi," akajibu Nyamizi.

Kutoka ndani alitoka mvulana mwembamba mwenye uso wa Mwinyikheri mtupu. Bi Mosi akamshika mkono, akaondoka naye bila kugeuka.

Walikwenda na kurudi, wakaenda na kurudi. Nyamizi alijifunza mambo ya benchi: kuhesabu mbao za ukuta, kujifanya hasikii, na kusikiliza kwa mwili mzima. Alijiuliza binti yake anasema nini humo ndani. Anamsema yeye? Anamsema baba yake? Siku moja alisogeza sikio mlangoni, na alichokisikia kilimkata. Tabu alikuwa akicheka. Si kicheko kikubwa. Kikohozi kidogo tu cha kicheko, kama jiko linalowashwa kwa kuni mbichi. Miezi yote ile yeye mama mtu alikuwa amepika, amesali, amebembeleza, amelia, na hakupewa hata hicho. Alirudi kwenye benchi akiwa na furaha na wivu, na hakujua kipi kilikuwa kikimliza.

Njiani akashindwa kujizuia. "Mlikuwa mkizungumza nini?"

"Mengi."

"Kunihusu mimi?"

Tabu akamtazama, bila hasira. "Mama, si kila kitu kinakuhusu wewe."

Lugendo alifika pale mara moja tu. Alisimama mbele ya Bi Mwaija, kofia mkononi. "Mama, paa likivuja mimi napanda, natafuta tundu, naziba. Nionyeshe tundu la mtoto wangu liko wapi."

"Mtoto si paa, fundi."

"Basi humo ndani unafanya nini?"

"Nasikiliza."

"Tu?"

"Tu."

Alicheka, kicheko cha mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Lakini walipokuwa wakipita kwenye mapipa ya kulowekea ngozi alisimama, akageukia ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nyamizi alimgusa mgongo.

"Ni huu uvundo," Lugendo akasema. "Unaumiza macho."

Na kidogokidogo, kama mchele unavyoiva kwa makaa ya juu, kitu kikaanza kubadilika. Tabu alikula muhogo mzima. Alisuka nywele upande mmoja, akaacha mwingine, akazunguka hivyo siku kadhaa. Kisha jioni moja, akiwa amekaa kizingitini, bila kuulizwa, akasema, "Leo afadhali."

Bi Mwaija alipoambiwa alishika mikono ya Nyamizi kwa nguvu. "Neno hilo lishikeni kama yai. Msilitikise."

Lakini msalimu wa mtaa hakulitambua. "Afadhali si jibu," alisema kwa masikitiko ya kweli, maana alikuwa kijana mwema. "Kuna sijambo, na kuna kosa. Katikati hapana kitu."

Siku ya Uzima ikakaribia. Bi Mwaija akaenda mwenyewe barazani kuomba binti aongezewe muda. "Ndiyo kwanza anaanza," aliwaambia. "Mkimlazimisha neno ambalo bado si lake, mtakuwa mmemfundisha kitu kimoja tu: kwamba hakuna anayetaka kujua." Wanazuoni wakajadili kama afadhali ni nusu ya uzima au nusu ya ugonjwa. Safari hii hawakuhitaji hata pilau. Ombi likakataliwa.

Lugendo akamkalisha binti yake sebuleni. "Neno moja tu, mwanangu. Silabi tatu."

"Si kweli, baba."

"Nani kakuomba ukweli? Unajua nimeezeka paa lile kwa mikono yangu? Unajua tukitoka hapa tunakwenda wapi? Sema tu, kisha rudi nyumbani uumwe upendavyo."

Tabu akamgeukia mama yake. Nyamizi alijua. Alikuwa amekaa kwenye lile benchi, alikuwa amelisikia lile jiko likianza kushika moto, na hakuna katika nyumba ile aliyejua zaidi yake kwamba jibu sahihi lilikuwa kufunga mizigo. Lakini alikuwa amechoka. Alichoka kutazamwa, alichoka kusema anafuata ngozi, alichoka kuamka kila alfajiri na kusimama mlangoni mwa chumba kusikiliza kama mtoto anapumua.

"Sema, mwanangu," akasema. "Tupate kupumua."

Tabu akasema, "Sawa, mama," kwa adabu, kama anavyosemeshwa mgeni.

Siku ya Uzima uwanja ulifurika. Binti alipandishwa jukwaani amevalishwa nguo ya rangi ya ndizi mbivu. Mkuu wa Salamu akauliza kwa sauti ya asali, naye akajibu, wazi, meno yakionekana. Ngoma zikalia. Vigelegele vikapigwa, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Bi Mosi, huku mwanawe amesimama kando yake, uso umemkauka kama udongo.

Mkuu akainua mkono. Alitangaza kwamba kwa kuwa mgonjwa pekee aliyejulikana nchini amepona, Nyumba ya Kusikiliza haina kazi tena. Itafungwa, na watu wa viwanda wataweka ngozi humo.

"Na wengine je?" Bi Mwaija akapaza sauti kutoka katikati ya watu. "Wale waliojaa kwenye benchi langu?"

"Wengine gani?" Mkuu akauliza. "Wale wanunuzi wa ngozi? Hao wataendelea kuhudumiwa palepale."

Bi Mwaija akageuka kutazama nyuso. Alizijua zote. Hakuna hata moja iliyoinuka. Wiki iliyofuata Bi Mosi alionekana akitoka katika nyumba ile na ngozi ya ng'ombe imeviringishwa kwapani, na mwanawe nyuma yake, mikono mitupu.

Tangu siku ile Tabu akawa mtoto ambaye kila mzazi nchini mle angemtaka. Aliamka mapema. Alifagia. Ukimuuliza kama amekula alisema sijambo. Ukimuuliza kama analala alisema sijambo. "Unamsikia?" Lugendo alikuwa akimwambia mkewe, uso umemng'aa. "Si tulikuwa tukihangaika bure!" Nyamizi alisikia. Lilikuwa neno lililofungwa kwa ndani, na ufunguo wake hakuwa nao.

Adhuhuri moja alirudi kutoka gengeni akamkuta Tabu chumbani, sakafuni, baridi, pumzi ikimtoka kwa mbali. Binti alikuwa amejaribu kuiaga dunia. Nyamizi alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, akatoka naye mbio. Njia panda msalimu akafungua kinywa kwa mazoea: "Hujambo, Mama Ra..." Kisha kijana yule akaacha lindo lake, akashika miguu ya Tabu iliyokuwa ikiburuzika, wakakimbia naye mpaka kwa Bi Mwaija. Wakapigania uhai wake mpaka usiku, na akazinduka.

Baraza lilisema binti alikuwa amelala. Msalimu alifukuzwa kazi kwa kuacha njia panda bila mtu.

Lugendo alikuja akiwa na vumbi la kazini, akakaa kando ya kitanda cha kamba alikolazwa Tabu. "Uchovu," alisema. "Siku ile alichoka sana na ule umati."

"Baba Tabu," Nyamizi akamwita, na ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutamkwa tangu langoni. "Tuondoke. Bi Mwaija anaye mwenzake, ng'ambo ya mpaka, anayefanya kazi hii. Tuondoke leo."

"Paa halijakwisha."

"Tuondoke."

"Alisema hana jambo!" Lugendo akapasua sauti. Machozi yalikuwa yakimtiririka naye hana habari nayo. "Nilimsikia kwa masikio yangu. Watu wote walimsikia. Kama si kweli, basi mimi ni nani? Ni mimi niliyemfundisha!"

Nyamizi alitaka kumwambia kwamba walikuwa wawili. Alimwacha amekaa pale. Walipopita chini ya Jumba la Uzima wakiondoka, mama na binti, Lugendo alikuwa amekwisha panda paani, na sauti ya nyundo yake iliwafuata mpaka nje ya lango. Hakuwafuata yeye. Inasemekana lile paa lilimalizika, na ni zuri.

Wanaishi sasa katika mji mdogo ambao haujulikani kwa lolote. Nyamizi anauza vitumbua. Msikilizaji yupo, na foleni yake ni ndefu. Kuna siku Tabu anaamka na kuna siku haamki, na hakuna aliyewaahidi kwamba siku za kwanza zitazidi za pili. Barua za Lugendo huja, zote zikisema huko ni wazima.

Alasiri moja walikuwa wamekaa uani wakichambua mchicha. Tabu hakuinua macho.

"Mama, siku ile uliponiambia niseme, nilikuchukia."

Maneno yalimjaa Nyamizi kinywani: jinsi alivyochoka, jinsi alivyoogopa, baraza, paa, baba yake, mgongo wake unaomuuma mpaka leo kwa kumbeba. Yote yalikuwa ya kweli. Akayameza moja baada ya jingine, na yalikuwa machungu.

"Bado nakuchukia," Tabu akasema. "Si kila siku. Leo, ndiyo."

Nyamizi akaweka fungu la mchicha chini, akakaa vizuri, akamtazama.

"Endelea," akasema.